Mwalimu Bado Anangoja Swali

Benchi letu liko mbele ya geti la chuo kikuu, ubavuni mwa kinyozi, na kahawa nauza mimi. Pembe ya kulia ilikuwa ya Mwalimu, aliyefundisha biashara humo ndani mpaka alipofariki muhula uliopita. Alikuwa na mazoea yake: akimaliza kueleza jambo, hata hapa kijiweni, husema "Swali?" kisha hushika kikombe bila kunywa mpaka mtu aulize. Tulimuuliza hata upuuzi, ili mradi kahawa yake isipoe. Tunamkosa sana, na sioni haya kusema. Leo chuo kinataka jibu la familia: video za masomo yake ziendelee kufundisha, au zifutwe? Mjane kasema binti yao atapita kwanza hapa, asikie sisi marafiki tunasemaje.

— Ziendelee, alisema Fundi Simu. Siku hizi mtu hafi, anahifadhiwa.

— Hifadhi nyanya, bwana, si mtu, alidakia Kinyozi.

— Wewe teknolojia huijui. Sauti yake inaweza kufunzwa ijibu maswali yenyewe. Isahihishe na mitihani.

— Na aliyefelishwa akalalamike kaburini?

Jaji, karani mstaafu wa mahakama, alikohoa.

— Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

— Mzee, huyu hayupo, lakini lake ndilo lipo! alisema Kinyozi.

— Basi wamekosea wahenga, si mimi.

Tulicheka kidogo, kisha tukaona aibu.

— Nawaambieni, Kinyozi aliendelea, kesho watampandisha cheo. Awe mkuu wa kitivo. Haugui, hagomi, haombi likizo. Walio hai watamuweza wapi? Wataambiwa wafe kwanza ndipo waajiriwe!

— Umezidisha chumvi, alisema Fundi.

— Chumvi gani? Si Mwalimu mwenyewe alisema biashara haifundishwi bila kubishana? Video itabishana na nani?

Fundi aliinamisha kichwa.

— Mimi ninayo moja kwenye simu, alisema polepole. Naisikiliza nikifungua kibanda asubuhi. Wakizifuta, sijui nitafanyaje.

Kinyozi alimpigapiga begani.

Binti akafika, begi mgongoni. Yuko mwaka wa kwanza, anasoma biashara kama babake. Tulimwachia pembe ya kulia, nikampa kikombe.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Pole na masomo.

— Nimeshapoa. Leo tulikuwa na kipindi cha baba, video yake pale ukutani. Kaeleza habari za mtaji, darasa zima kimya. Mwishoni akasema "Swali?" akanyamaza, akatutazama.

— Ndivyo alivyo, alisema Fundi.

— Nikanyoosha mkono.

Kinyozi aliacha kutikisa mguu.

— Sikukusudia, baba zangu. Mkono ulikwenda wenyewe. Naye akatabasamu, akasema, "Naona mmeelewa." Picha ikazimika.

Jaji alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaendelea kuifuta.

— Mama anangoja nimpelekee neno lenu, binti alisema. Lakini niambieni kwanza. Siku ile anarekodi, chumbani yeye na kamera tu, alikuwa anamngoja nani aulize?

Kinyozi alitazama getini. Binti hakutuharakisha. Alikishika kikombe bila kunywa, akitutazama mmoja mmoja, na kahawa ikapoa mkononi mwake.