Historia ya Marehemu Tadokoro Yasunori, na Karatasi Zake Ishirini na Tisa

Mheshimiwa mtawa wa hekalu letu, majirani wa Kamisawa, wafugaji mliolisha mapema asubuhi hii ili muwahi, na wewe Mzee Kuwabara Teizo uliyeketi mstari wa pili, familia inawasomea maisha ya marehemu kwa sauti ya binti yake mkubwa, Misao, na inaomba mvumilie hadi mwisho, kwa sababu mwisho wake si ule aliouagiza yeye.

Marehemu Tadokoro Yasunori alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, hapa Kamisawa, mkoani Iwate, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Jinpachi, mfugaji wa maksai weusi, na mkewe Bi Ito. Alianza shule ya msingi Aprili 1957, akahitimu shule ya kilimo ya mjini Machi 1969, na katika ripoti zake zote alama za juu ni za hesabu na uchoraji, na katika ile ya darasa la sita mwalimu aliongeza neno moja chini, "Hasahau", bibi yetu akalichukulia kuwa sifa na kulionyesha kwa wageni.

Tarehe 3 Novemba 1976 alifunga ndoa na Fumie, binti wa mtengeneza tofu wa pale kwenye daraja la chini mtoni, wakajaliwa watoto wawili, Misao mwaka 1978 na Kohei mwaka 1981. Alifanya kazi katika banda la baba yake hadi mwaka 1986, alipoajiriwa na ushirika wa wafugaji, na mwaka 1988 ushirika ukampeleka wiki tatu kujifunza ultrasaundi, ile mashine ambayo kichwa chake hupakwa mafuta ya kupikia na kukandamizwa ubavuni mwa ng'ombe aliye hai, upande wa kushoto, kati ya mbavu ya sita na ya saba, ili kioo kionyeshe msuli wa mgongo na jinsi mafuta meupe yalivyotawanyika ndani yake, na mpimaji aweze kusema kabla ya kisu nyama hiyo itapata alama ngapi, kuanzia moja hadi kumi na mbili. Aliipenda kazi hiyo kuliko chakula, hata mama akawa anamtania mezani, "Miaka kumi na miwili niko nawe, lini utaniangalia mimi kama unavyoiangalia hiyo mbavu ya sita?"

Wazee kati yenu mnakumbuka kwamba siku zile aliyesema alama za ng'ombe hapa wilayani alikuwa Bwana Kuwabara, mwenyekiti wa kamati ya kupakia ng'ombe wa machinjioni, ambaye alifinya ngozi penye shina la mkia kwa vidole viwili, akafumba macho, akataja namba, na mara nyingi namba ikawa hiyo hiyo. Tarehe 23 Januari 1991, katika baridi iliyogandisha ndoo bandani, marehemu alimpima maksai wa mwisho wa baba yake, akatangaza kumi, Bwana Kuwabara akamfinya maksai huyo huyo, akasema, "Nne. Mpeni miezi minne mingine ale", na Mzee Jinpachi akamwamini mwanawe, maksai akapakiwa.

Alitoka nne. Maksai wa Bwana Kuwabara mwenyewe, aliyesafiri katika lori lile lile, alitoka kumi. Matokeo yalisomwa katika ukumbi wa ushirika mbele ya watu sitini, Bwana Kuwabara akasimama, akamwambia marehemu, "Kijana, hiyo televisheni yako inaonyesha chenga, kawaangalizie watoto katuni", na ukumbi mzima ukacheka, na baadhi yenu mliomo humu mlicheka, marehemu alikuwa na majina yenu. Mzee Jinpachi alitoka nje akiwa amesahau viatu vyake mlangoni. Hakufuga tena, alifariki Oktoba 1992, na katika miezi yote hiyo hakumlaumu mwanawe hata mara moja, jambo ambalo marehemu alisema lilimuumiza kuliko kipigo.

Tangu siku ile marehemu aliamini kwamba Bwana Kuwabara alibadilisha vitambulisho vya maksai wale wawili wakati wa kupakia. Alama ya pua, ambayo kila ndama hupigwa chapa yake karatasini, ingemaliza ubishi, lakini vichwa vilikuwa vimeshatupwa, kilichobaki ni picha mbili za nyama iliyokatwa, ya maksai huyu na ya yule, pamoja na picha ya ultrasaundi aliyoichapa siku ya kupima. Picha hiyo ilikuwa ya karatasi inayochapwa kwa joto, ambayo hufifia, kwa hiyo tarehe 23 Januari 1994 aliinakili kwa penseli kwenye karatasi inayopitisha mwanga, na kila mwaka, tarehe ile ile, alinakili upya kutoka ile ya mwaka uliotangulia, akatuonyesha kibonyeo kilichopo ukingoni mwa msuli, akasema, "Mnaona? Huyu ndiye aliyeuzwa kama wa Kuwabara. Mwaka huu kimejitokeza vizuri zaidi."

Kisasi chake hakikuwa cha ngumi. Aliacha kazi ushirikani Machi 1991, akanunua mashine iliyotumika mwaka 1995, akaingia banda kwa banda kwa malipo ya viazi na mchele, akiwa na chupa ya mafuta aliyoibeba kifuani, ndani ya koti, iwe na joto la mwili, na tangu mwaka ule hakuna ng'ombe aliyempima kwa mafuta ya baridi. Alikosea kwa nadra, na hata hapo kwa alama moja tu. Kila nyumba ya Kamisawa ikajua maksai gani wa kutoa na yupi wa kusubiri, isipokuwa nyumba moja, ambayo alikuwa akiipita kwa makusudi huku amewasha redio ya gari.

Mnamo Oktoba 2008 Mzee Kuwabara, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi, alikuja na chupa ya pombe ya mchele, akapiga magoti kwenye ngazi yetu mvua ikinyesha, akasema, "Bwana Tadokoro, nipimie hata mmoja tu, siwasikii tena." Marehemu alimjibu akiwa amesimama, "Mikono yako si ndiyo macho? Itumie", akafunga mlango, akaketi kula, na mama alituambia kwamba usiku huo aliomba aongezewe wali. Banda la Kuwabara lilifungwa Machi 2010. Alilipiza, na alilipiza akashiba, familia haitaki kulipunguza hilo.

Tarehe 6 Juni 2022 alilazwa hospitali ya wilaya kwa maumivu ya ini. Daktari alipompaka mafuta tumboni na kuwasha mashine, marehemu aligeuza shingo akakisoma kioo mwenyewe, kisha akasema kwa upole, "Daktari, punguza kidogo nguvu ya picha. Ukiizidisha, unaona weupe usiokuwepo." Misao alikuwapo, hakuelewa. Marehemu alifariki tarehe 14 Novemba 2022, saa kumi alasiri, na agizo lake la maandishi, ambalo tunalisoma neno kwa neno asije akasema hatukulisoma, ni hili: "Wekeni karatasi ya mwisho kando ya picha ya maksai wa Kuwabara, mbele ya uvumba, na mseme kwa sauti, huyu mtu ni mwizi."

Juzi asubuhi Misao na Kohei walizipanga karatasi zote ishirini na tisa juu ya meza ya jikoni. Ya mwisho inaoana na picha ya maksai wa Mzee Kuwabara kama kiganja na kiganja. Ya kwanza inaoana na maksai wa babu. Kati ya hizo mbili kibonyeo kinasogea, unene wa nywele mwaka hadi mwaka, na hakuna mwaka ambao unaweza kuushika mkono na kusema hapa ndipo ulipodanganya.

Tulimwita Mzee Kuwabara jana mchana, akapitisha juu ya karatasi ile ya kwanza vidole visivyohisi kitu, kisha akasema, "Mimi si mwizi. Ila siku ile niliiona chupa yake imesimama kwenye theluji, mafuta yameganda meupe, naye anazidisha nguvu ya picha ili aone. Nilijua. Nikanyamaza, nikitaka ashindwe. Kumwambia apashe mafuta moto kungenigharimu nini?"

Kwa hiyo mbele ya uvumba mtazikuta karatasi zote, kuanzia ya kwanza, mpite mziangalie, kisha mumwangalie Mzee Kuwabara, kisha mtuangalie na sisi tulioambiwa kila Januari na kuitikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, majirani walioondoa theluji njiani na kupika, wapimaji wenzake waliokuja kutoka mbali, na Mzee Kuwabara, aliyekubali kukaa mstari wa pili akijua kitakachosomwa.

Baba, lala sasa. Chupa tumekuwekea kifuani, ndani ya koti, na penseli tumebaki nayo.