Mkunga Aliyesikiliza kwa Vidole

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu, na aliye na sufuria mkononi aiweke chini kidogo. Leo tunamkumbuka mama aliyependa redio kuliko sisi tunaolipwa kuzungumza ndani yake. Alikuwa mkunga. Hewani walimwita Mama Nukta. Alifariki wiki iliyopita, mchana, usingizini, dirisha likiwa wazi.

Kwa wasioujua mchezo wake, nieleze. Zipo redio za kusikiliza, kama hiyo yako. Na zipo redio za ridhaa. Mwenye leseni hukaa chumbani kwake, akawasiliana na mwenzake aliye ng'ambo ya bahari, kwa raha tu. Wengine hutumia mdomo. Mama Nukta alitumia milio. Mlio mfupi ni nukta, mlio mrefu ni mstari. Ukiipanga unapata herufi, na herufi zikishikana mikono zinakuwa maneno.

Mumewe ni fundi bomba. Ndiye aliyemsimamishia mlingoti wa antena, kwa mabomba yaliyobaki kazini. "Majirani walinicheka," anasema mzee. "Eti, fundi, mabomba ya wenzio yako ardhini, ya kwako yameota kwenda mbinguni!"

Chumba chenyewe kilikuwa cha kupigia pasi. Pazia lake la kijani liliufanya mwanga uwe kama wa chini ya maji. Binti yao, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea, alikuwa akilala pale sakafuni alipokuwa mdogo. Mlio ulikuja ukapotea, ukaja ukapotea. "Nilidhani mama anaongea na nyota," anasema. "Na nilidhani nyota zinamjibu."

Watu walimuuliza, mkunga na redio, wapi na wapi? Akawajibu, "Kazi ni ile ile. Unatega sikio tumboni mwa mama. Kuna mvumo mwingi. Halafu ndani ya mvumo, moyo mdogo unakwambia: nipo."

Sasa, kila mwaka kuna mashindano. Ukiwapata watu wengi, wa nchi nyingi, unapata pointi nyingi. Mama Nukta alishindana katika daraja la mtu peke yake. Kanuni yake ni hii: utafute mwenyewe, usikie mwenyewe, mtu asikunong'oneze. Narudia, mtu asikunong'oneze. Na chumbani hamna refa.

Hakuwahi kushinda. Alikaribia, akakosa. Akakaribia tena, akakosa. Kisha masikio yakaanza kupoteza nguvu. Daktari hakumficha: yatafifia, yatazima. Akaacha ukunga. Akasema atashindana mara moja tu ya mwisho, halafu kiti chake atamwachia paka.

Mwaka huo, wasikilizaji, alikuwa akiongoza.

Ilikuwa Jumapili, alasiri. Binti yake alikuwa sebuleni akifuatilia kwenye simu. Akaona kwamba kuna watafiti wamepiga kambi kwenye kisiwa kisicho na watu, na wana redio. Kila mshindani alikitaka kisiwa kile, maana kinahesabiwa kama nchi nzima. Mama yake alikuwa amekipita bila kukisikia. Binti hakuweza kuvumilia. Akaingia na chai, akamwinamia sikioni.

"Mama, kisiwa! Panda juu kidogo. Hapo, hapo!"

Mama akazungusha kitufe. Kisiwa kikawepo, mlio wake mwembamba kama uzi. Akakiita, kikamjibu. Akacheka kwa furaha. Kisha kicheko kikapoa, taratibu.

"Nani kakwambia?"

"Nimekiona kwenye simu."

"Basi mimi si peke yangu tena."

"Kifute tu, mama. Sema hukukipata. Nani atajua?"

"Kwenye karatasi nitakifuta. Kichwani nitakifutaje, mwanangu? Nimeshasaidiwa."

Akahamia daraja la wanaosaidiwa, kule kwenye vikundi vizima na mitambo yao. Hakuzima redio. Alishindana mpaka kengele ya mwisho. Jina lake likaangukia huko chini kabisa.

Binti alilia. "Nilimkasirikia," anatuambia. "Siku kadhaa sikumsemesha. Nilimwambia, mama, ile ilikuwa zawadi. Akanishika shavu. Akasema, zawadi nimeipokea, mwanangu. Ndiyo maana nimeitaja."

Baada ya hapo masikio yakazima. Chumba kikafungwa, paka akarithi kiti. Ikawa nyumba ya ishara za mikono na maneno yaliyoandikwa kwenye bahasha kuukuu.

Mpaka siku moja mzee alipoingia kupangusa vumbi. Akaiwasha redio, labda kwa upweke tu. Mkewe akaja kumsaidia, akaegemeza mkono juu ya spika. Mzee akanyoosha mkono azime.

"Usizime!" akasema mama. "Anacheza."

Wakunga husema hivyo mtoto akipiga teke tumboni. Mama Nukta alikuwa amezisikia nukta na mistari chini ya vidole vyake.

Akajifunza upya, herufi kwa herufi. Lakini kabla ya kushindana, aliwauliza waandaaji: kusikia kwa vidole ni kusaidiwa? Wakamuuliza, vidole ni vya nani? Akajibu, vyangu. Wakasema, basi uko peke yako. Mzee anasema hakuwahi kumwona mtu akifurahi hivyo kuambiwa yuko peke yake.

Siku ya mashindano ikafika. Vidole ni vizito kuliko masikio, na washindani huchapuka kama mvua ya mawe. Alipomwita yule aliyekuwa akiongoza, bwana wanayemwita Kinanda, hakuambulia kitu. Akaomba: taratibu. Kinanda akapunguza mwendo. Akatuma nukta moja, kisha nyingine, kama mtu anayemvusha mwenzake mtoni. Nyuma yao foleni ilingoja. Hakuna aliyesukuma.

Baadaye Mama Nukta akamwandikia kwa ukali: kama ile ilikuwa huruma, siitaki. Kinanda akajibu: "Huruma gani, mama? Hewani mtu hujibiwa kwa mwendo wake. Ndiyo adabu. Halafu na mimi nilikuwa naitaka pointi yako."

Hakushinda, wasikilizaji. Alikuwa katikati ya orodha, daraja la mtu peke yake. Binti anasema mama alilibusu jina lake kwenye karatasi.

Siku ya mazishi, Kinanda na wenzake walikubaliana. Mahali alipozoea kuita hewani wakapaacha patupu, alasiri nzima. Mashindano madogo yalikuwa yakiendelea. Wakabanana pande zote mbili, wakapaacha pale pakiwa kimya, kama watu wanaopita nje ya chumba cha aliyelala. Hakuna kanuni inayosema hivyo.

Leo, ukipata nafasi, kaa ujiulize unachezaje pale ambapo hakuna anayekuona.

Kwa mzee wetu fundi, pole sana. Kwa mwalimu, binti yake, pole dada. Na poleni ninyi nyote mliozaliwa mikononi mwake. Hamkumbuki, lakini mlipofika duniani, yeye ndiye aliyewasikia kwanza.