Mbao za Kufaa: Maisha ya Baba Yetu, Mzee Gonga

Marehemu hakuwahi kuketi mezani bila kuigonga meza kwa kifundo cha kidole na kuitegea sikio, ajue kama mbao zake ni nzima. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Gonga.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala. Shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipofariki. Vipimo vya mbao alivipiga kichwani, ila kuandika kulimpiga chenga maisha yake yote.

Mwaka 1974 alifungua bohari ya mbao nyuma ya stesheni, akinunua kwa mpasuaji mmoja wa magogo, wa nchi jirani. Mwaka uliofuata alikwenda kuposa, akaigonga meza ya ukweni.

"Unambishia nani hodi, kijana?" mzee wa nyumba akauliza.

Wakacheka, akapewa mke. Walijaliwa watoto watatu.

Kisha nchi hizi mbili zikapigana. Mpaka ulifungwa miaka saba, na kifungua mimba wake, mwana wa pekee wa kiume, hakurudi kutoka vitani. Amani iliposainiwa, mwaka 2009, marehemu alimwomba binti yake mkubwa, aliyekuwa akimwandikia barua zote, amwandikie mpasuaji yule.

"Kwa watu waliomuua kaka? Kalamu hiyo siishiki, baba."

Akaandika mwenyewe. Alikusudia "tutumie mbao za kufaa". Akadondosha herufi moja, ikasomeka "mbao za kufa". Jibu likaja: "Ndugu yangu, vya kufa huku tumeshiba. Nami nimezika wawili. Za kufaa ninazo lori moja tu."

Marehemu alicheka hadi machozi, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Lori lilipoingia, majirani walinuna. "Mti haukushika bunduki," aliwajibu. Binti yake hakukanyaga bohari tena.

Vumbi la mbao lilikuwa limemla mapafu. Alilazwa mwezi Januari 2024, akafariki tarehe 11 Mei, saa tatu asubuhi. Ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watano. Apumzike katika amani ambayo yeye aliianza mapema kuliko sisi.

Siku mbili kabla ya kifo chake, binti yule aliketi kando ya kitanda chake na kuandika kila alichotajiwa, barua ya kwenda kwa mpasuaji. Alipomaliza akamsomea mstari wa mwisho: "Baba anakusalimu sana."

Marehemu akafumbua macho.

"Na wewe, mwanangu, humsalimu?"