Sabuni Imeisha

Tangu basi litoke Nachingwea, Kasmiri alikuwa amefumba macho, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Pale mama kijana mwenye kichanga alikuwa akimsimulia bibi asiyemjua habari za nyumbani kwake. Kabla ya kujifungua alikuwa akikaanga vitumbua stendi. Sasa wanategemea bodaboda ya mumewe tu.

"Siyo kwamba ananinyima, bibi. Ila zamani sabuni ikiisha nanunua. Siku hizi inabidi niseme naomba hela ya sabuni. Hilo 'naomba' linanishinda."

"Basi usiombe, mwanangu. Sema sabuni imeisha, halafu nyamaza. Si nguo za mtoto wake hizo? Mimi miaka arobaini sijaomba chumvi."

"Na asipoelewa?"

"Ataelewa. Ana akili zake."

Kasmiri akakoroma kidogo, kwa adabu, ili waendelee.

Gari lilipokuwa linaingia stendi ya Ruangwa, simu ya yule mama ikaita. Mume alitaka kujua kama wamefika salama.

"Tumefika, Baba Harithi. Sabuni ya mtoto imeisha." Akanyamaza kama alivyofundishwa. Bibi akaitikia kwa kichwa.

Simu ilikuwa na sauti kubwa, gari zima likasikia jibu: "Kwa hiyo?"

Gari likasimama. Bibi akainama kutafuta kapu lake chini ya kiti. Kasmiri akafumbua macho, akageukia dirishani. Ile "kwa hiyo" aliijua vizuri. Jana asubuhi ilitoka kinywani mwake, mkewe aliposema unga umeisha.