Herufi ya Mwisho ya Manang Takya

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumamosi. Zimeni mashine za kufulia kidogo, na huo wali uacheni uive wenyewe. Leo naomba mnisikilize vizuri, maana mimi mwenyewe sijaelewa ninachokwenda kuwaambia.

Manang Takya amefariki. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Bi Eustaquia Torrefiel, Manang wetu, yaani dada mkubwa wa mji mzima, dalali wetu wa nyumba na viwanja, ametutoka akiwa na miaka sabini na moja. Alizikwa Jumatano. Jana tumemaliza siku ya tisa ya sala, tukihesabu tangu afariki.

Dalali. Najua mnavyolisikia neno hilo. Dalali kwa wengi ni mtu anayeonyesha chumba kimoja kwa wapangaji kumi na kuchukua ya soda kwa wote. Huyu alikuwa dalali mwenye leseni ukutani na ndala miguuni, na katika miaka arobaini aliuza viwanja vichache kuliko alivyowazuia watu kununua. "Usilipe," alikuwa anasema. "Huyu anakuuzia upepo."

Na sisi watu wa hapa tuna kosa letu, tulikiri tu. Tunalipa kodi ya ardhi kila mwaka, tunatunza risiti, halafu tunaamini ardhi ni yetu. Manang Takya alipigana na kosa hilo mpaka mwisho. Risiti si hati. Alilisema hapa hapa kwenye kipaza sauti hiki, kila mwezi. Risiti si hati.

Mnamkumbuka Bi Salvacion Tondares, mjane wa nyuma ya kiwanda cha barafu? Alikuwa ameziweka risiti za miaka thelathini kwenye fremu, kati ya picha ya Moyo Mtakatifu na picha ya harusi yake. Manang Takya akazitazama, akavua miwani.

"Salva, hizi zinaonyesha umelipa. Hazionyeshi umelipia cha nani."

"Wewe! Nimezaliwa humu ndani mimi!"

"Hata paka wako kazaliwa humu."

Walinuniana wiki mbili. Kisha wakaanza kuhangaika pamoja, ofisi hadi ofisi, miaka minne, mpaka Salva akapata hati. Mwaka uliofuata wakubwa wa mji wakataka kiwanja chake wapanue soko. Nilikuwepo kwenye mkutano ule na kinasa sauti changu. Manang Takya alisimama, mfupi hivyo, akasema: "Mnakitaka kiwanja cha Salva? Nendeni mkabishe hodi. Mkikaribishwa mkae, mnywe kahawa, mumuulize kama anauza. Akisema hauzi, shukuruni kwa kahawa, mwende zenu." Soko letu lina kona iliyokatwa mpaka leo. Sasa mnajua kwa nini.

Alikuwa na sharti moja. Ukipata hati, unasimama kwenye kiwanja chako, majirani wakisikia, unasoma jina lako herufi kwa herufi. Wageni walikuwa wanacheka. Lakini mji huu kila ukoo jina lake linaanza na T, na watoto wetu tunawapa jina la mtakatifu wa siku waliyozaliwa. Kwa hiyo tumejaa watu wanaotofautiana kwa herufi moja. Herufi moja hiyo inatosha kukuhamisha kwako.

Sasa sikilizeni kwa makini. Manang Takya alizaliwa tarehe ishirini Septemba, akaitwa Eustaquia. Mwaka uliofuata, tarehe ile ile, akazaliwa binamu yake, akaitwa Eustaquio. Huyu ni mzee Takyo, mshona makuti wa kule mtoni. Mwanamke ni Eustaquia, kwa a. Mwanamume ni Eustaquio, kwa o.

Takyo hajawahi kuwa na kiwanja. Kibanda chake cha mianzi kimehamishwa mara tatu, sisi wanaume tukikibeba mabegani na paa lake juu. Na hakutaka kusikia habari za hati.

"Nyumba yangu ina miguu, dada," alikuwa anamtania.

"Ndiyo maana inakukimbia," dada anamjibu.

Walikuwa hivyo miaka yote, kila Jumapili baada ya misa, na hakuna aliyewahi kushinda.

Siku moja, hapa hapa studio, nikamchokoza Manang Takya: "Na wewe hati yako uliisoma mbele ya watu?" Akaniangalia. Akasema, "Delyo, weka wimbo." Nikaweka wimbo. Mjinga mimi, nikaweka wimbo.

Bintiye wa pekee ni Nonita, mwalimu wa shule ya msingi, anayeishi kwenye nyumba ile na wanawe wawili. Hana pengine pa kuishi. Nonita aliniambia maneno ya mwisho ya mama yake yalikuwa haya: "Usinizike kabla hujaisoma hati ya nyumba mbele ya watu. Herufi kwa herufi."

Basi Jumapili alasiri, jeneza likiwa sebuleni, watu wakicheza karata na kumenya mbegu za tikiti, Nonita akasimama na hati mkononi. Akaanza. E. U. S. T. A. Q. U. I. Akaisogeza karatasi karibu na macho.

Halafu akasema: "O."

Watu wakacheka, wakadhani majonzi yamemkosesha. "Rudia, mwalimu!" Akarudia. O. Tukaisogelea karatasi. Eustaquio Torrefiel, kwa o. Na hiyo o ilikuwa imezungushiwa duara la penseli, penseli ya zamani, iliyofifia.

Mnaelewa, wasikilizaji? Mwanamke aliyetusomesha sisi sote majina yetu alikuwa analala kwenye nyumba iliyoandikwa jina la binamu yake. Na alijua. Miaka ishirini na miwili, tangu hati itoke, alijua, na hakusema.

Takyo alikuwa pale pale na kikombe chake cha kahawa. Mwezi huu huu mwenye shamba la mtoni amemwambia ahame tena. Mara ya nne.

"Hiyo karatasi inasemaje?" akauliza.

"Inasema nyumba ni yako, Mjomba," Nonita akajibu.

"Haijawahi hata kunikaribisha chakula, hiyo karatasi."

Wakili aliyekuwepo msibani akatueleza wazi: Takyo akiapa kwa maandishi kwamba kiwanja si chake, jina litarekebishwa. Asipoapa, Nonita ana kesi ndefu, na anaweza kuikosa nyumba.

Takyo hakusema ndiyo wala hapana. Alikuja kila siku kwenye sala. Alikaa, akawa anatazama dari, anagusa nguzo. Nonita akaninong'oneza, "Kaka Delyo, anaipima."

Nilimuuliza Nonita kwa nini mama yake alinyamaza. "Aibu tu. Dalali mzima, na hati yake ina kosa!" Nikamuuliza Takyo. Akafikiri sana. "Labda alitaka nikae humu, akashindwa kunitamkia. Au alikuwa ananitania. Mimi sijui, na wewe usinichanganye zaidi."

Jana, siku ya tisa, Takyo akaja na shati lililopigwa pasi.

"Leteni hicho kiapo."

Akaandika jina lake taratibu, ulimi nje. Wakili akainama kutazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mzee, hapa umeandika Eustaquia."

"Ndiyo. Jina langu."

"Hili ni la mwanamke. La marehemu."

"We kijana, jina langu nimeliandika hivyo tangu nina miaka saba! Dada ndiye aliyenifundisha. Alinipa daftari lake, akaniambia nakili hapo juu. Nikanakili."

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, kisha watu wakalia, mimi mmoja wao. Takyo aliacha shule darasa la pili. Miaka sitini na tatu mzee huyu anatia saini jina la binamu yake. "Kwa hiyo aliyekuwa anapiga kura ni nani?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Hapo wakili akashika kichwa. Akakumbuka alichokisoma kwenye faili: kwenye maombi ya hati ile, miaka ishirini na miwili iliyopita, shahidi alikuwa Takyo. Maana yake karatasi moja ilikuwa na Eustaquia wawili. Labda karani aliona mmoja lazima ni mwanamume, akarekebisha jina la yule asiyehusika. Labda. Na labda Manang Takya aligundua kwamba kosa lilianzia kwenye daftari lake mwenyewe, akashindwa kumwambia binamu yake kwamba alimfundisha vibaya. Nimekesha nalifikiria hili. Sijui. Nampenda na nimemkasirikia, na sijui.

Nonita akaileta hati, akaiweka mbele ya mzee, akaonyesha lile duara la penseli.

"Ya kwako ndiyo hii, Mjomba."

Takyo akaitazama. "Kumbe ni duara tu."

Akaandika upya. Alipofika mwisho akanyanyua kalamu, akamtazama Nonita, kisha akaandika o.

Mara ya kwanza maishani mwake alipoliandika jina lake sawasawa, aliliandika kusema kwamba kiwanja si chake.

Pole sana, Nonita. Poleni wajukuu, poleni ukoo wote wa Torrefiel. Pole, mzee Takyo. Wasikilizaji wapendwa, leo shusheni hati zenu kwenye makabati, mzisome kwa sauti. Na kama kuna mtu ulimfundisha jambo vibaya, mwambie wakati ungali unaweza kuongea.

Jambo la mwisho. Kesho baada ya misa tunahitaji wanaume ishirini wenye mabega. Tunahamisha kibanda cha Takyo. Nonita alimwambia akiweke nyuma ya jiko lake, akae bure mpaka mwisho wa maisha yake. Takyo amekataa. Amesema hakiweki pale mpaka Nonita amkatie kipande, apewe hati yake, na aisome mwenyewe mbele ya watu. Nonita amekubali, na kibanda kitasubiri kwenye uwanja wa kanisa.

Jana jioni nilimpita Takyo kwenye ngazi za nyumba ile. Ana kipande cha mkaa, anaandika sakafuni. Duara, duara, duara.