Kombaini ya Basili

Ukishuka basi la Singida pale Katesh, usimwulize mtu benchi liko wapi. Utalisikia kabla hujaliona. Ni ubao wa sanduku la vipuri vya trekta uliolazwa juu ya mawe mawili, mgongo kwenye ukuta wa duka la ushirika, uso barabarani, na mlima Hanang umekaa nyuma kama mjumbe asiyechangia mkutano. Mwaka ule sukari ilikuwa imepotea madukani, kwa hiyo kahawa aliyoiuza Bernadina kando ya benchi ilinywewa chungu hivyo hivyo, na utamu ulitiwa kwa maneno. Mtiaji mkuu alikuwa Yoakimu, aliyeitwa Kombaini, kwa sababu misimu saba aliendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumdai cheti. Pembeni yake walikaa Isidori, tarishi mstaafu wa mahakama ya mwanzo, jina la benchi Mahakama. Na Bura, aliyeitwa Redio, ila redio ya kweli ina mahali pa kuizimia.

Asubuhi hiyo ya mavuno, upepo ukileta makapi kutoka mashambani, Basili mchoraji alifika na furushi begani na bahasha ya kaki mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba. Kaa. Wamesemaje?

Basili hakukaa. Alimpa Mahakama barua, maana karatasi yoyote yenye mhuri pale ilisomwa na Mahakama.

— “Ombi lako la kazi ya kuchora mabango limepokelewa. Mchoro wako wa mfano umetazamwa. Tunasikitika kukuarifu kwamba hukuchaguliwa. Mchoro unarudishwa.” Sahihi. Mhuri.

— Basi?

— Basi.

Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilitoka ofisi moja ya maji, walipotaka mtu wa kuchora ramani za mabomba. Ya pili ilitoka kwa wachapaji wa Arusha, kuchora karatasi za kufungia majani ya chai. Lakini hii ndiyo aliyoilalia njaa. Mashamba yalitaka mabango ya kuwafundisha wafanyakazi kujihadhari na mashine, na mchoro wa mfano uwe kombaini. Basili aliijua kombaini kwa mbali tu, ng'ambo ya uzio, katikati ya vumbi. Akamfuata Yoakimu. Na Yoakimu alisimama mbele yake siku nne nzima, akichora hewani kwa mikono: usukani hapa, meno ya kukatia pale, tangi la ngano, bomba la kumwagia. Kikombe cha kahawa hakikumtoka.

— Narudi nyumbani Dirma, nikachunge, alisema Basili. Lori lile pale linapakia. Brashi nimemwachia mama Bernadina, afagilie majivu ya jiko.

— Dirma ukachunge wapi? aliuliza Redio. Malisho ya baba yako si ndiyo yaliyogeuzwa hayo mashamba ya ngano?

— Nitachunga kandokando.



Sasa, benchi lile lilikuwa na sheria yake. Mtu aliyekataliwa hapewi pole. Hupewa sababu, na haruhusiwi kuondoka mpaka achague moja ya kwenda nayo. Mahakama alifungua shauri.

— Tazama bahasha. Gundi imeachia hapa pembeni. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe hukuziba ufa, ukuta umejengwa, uko nje.

— Bahasha! alicheka Redio. Wewe Mahakama ulizoea kubeba barua, hukuzoea kuzielewa. Tazama mchoro. Amechora mlima, na juu ya mlima amechora wingu. Wingu wakati wa mavuno! Bosi ameona mvua inakuja, ngano iko shambani, moyo umemruka. Ungekuwa wewe ungeajiri mtu anayekuja na mvua mfukoni?

— Ni wingu dogo, alisema Basili.

— Dalili ya mvua ni mawingu. Wahenga hawakusema makubwa.

— Kombaini, wewe ndiye mtaalamu, alisema Mahakama. Sema.

Wote walimgeukia Yoakimu. Naye akakohoa kikohozi cha dereva, kile cha mtu aliyemeza vumbi la ekari elfu.

— Wameogopa, alisema. Mchoro huu umekamilika mno. Mpe fundi seremala yeyote wa Endasak, na bati, na misumari. Jumatatu anakutolea kombaini nzima inanguruma. Wakanada wanaotuletea mashine watauza nini? Wamekaa kikao, wamesema, mtu huyu tukimwingiza ndani, mwakani kila mkulima wa maharage ana mashine yake. Mdharau mwiba guu huota tende!

— Kweli kabisa, alisema Redio, ambaye hakujua mwiba umeingiaje.

Basili alitabasamu kidogo, kama mtu anayemhurumia mganga wake. Tabasamu hilo lilimwingia Yoakimu mbavuni. Kwa maana lilikuwepo jambo ambalo ni yeye na Mungu tu waliolijua pale benchini: misimu saba ile aliipitisha ndani ya ghala, akishona midomo ya magunia. Kombaini alizisikia zikiunguruma nje. Siku moja moja alizichungulia mlangoni. Uongo ulianza na kikombe kimoja cha kahawa, ukanoga, ukampa jina. Haukuwahi kumdhuru mtu. Hadi siku zile nne, pengine.

Basi la Babati lilisimama, akashuka mama mmoja mwenye sanduku la bati na koti jeupe mkononi.

— Shikamooni, wazee. Gari la mashambani husimama hapa?

— Marahaba. Husimama hapa hapa likipenda, alisema Redio. Kaa, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Unatoka wapi?

— Naitwa Veronica, muuguzi. Nimehamishiwa zahanati ya shamba.

Bernadina alimmiminia kahawa. Mchoro ulikuwa umelala wazi juu ya benchi, naye akauinamia, kikombe mkononi, akautazama muda mrefu kuliko wote waliokuwa wameujadili.

— Mzuri. Ndiyo kombaini hii? Mimi sijawahi kuiona.

— Ndiyo yenyewe, mama.

— Na huyu aliyekaa juu kabisa ndiye dereva?

— Ndiye.

— Amepandia wapi?

Mahakama aliinama. Redio aliinama. Walitafuta kulia, walitafuta kushoto, walitafuta nyuma ya gurudumu lililokuwa refu kuliko mtu. Dereva alikuwa amekaa huko juu, ametulia na kofia yake, na hapakuwa na ngazi, wala kidato, wala kamba. Kisha macho yote, polepole, yalimgeukia Yoakimu. Ya Basili yalifika mwisho.

Yoakimu alijitafutia uongo. Alikuwa nao mwingi, wa kila saizi. Ngazi hukunjwa. Dereva hurushwa na winchi. Wakati mwingine wowote angeutoa, na Redio angeitikia. Lakini lori la Dirma lilipiga honi, Basili akalishika furushi, na Yoakimu akaona hakuna hata mmoja unaomwenea mtu yule.

Alivua kofia yake. Ndani ya upindo wake alichomoa sindano ya magunia, ndefu, iliyopinda ncha, akailaza juu ya mchoro, pale ambapo ngazi ingekuwa.

— Ya nini? aliuliza Mahakama.

— Ndiyo niliyoiendesha misimu saba.

Veronica alishusha kikombe taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake. Lori likapiga honi ya pili. Bernadina alizichukua zile brashi pembeni ya jiko, akazifuta kwa upindo wa kanga, akaziweka karibu na sindano.

Basili aliitazama sindano. Yoakimu alingoja tusi, alilihitaji.

— Gunia moja, aliuliza Basili, mishono mingapi?

Thelathini ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wa Yoakimu. Akaimeza, akatoa ya kweli.

— Kumi na mitatu.

Basili alishusha furushi, akakaa.