Mto Mnono wa Mama Mito

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Mito. Ndiyo, mito ya kulalia, msinicheke. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mtafiti wa maradhi ya moyo. Tumemzika juzi.

Jina hilo alipewa na wagonjwa. Alikuwa akiwafuata majumbani, lakini hali haulizi. "Mtu wetu hata akiwa hoi atakwambia nzuri," alisema. Aliomba kitu kimoja tu: "Nionyeshe unapolala." Akifika chumbani anatazama mito. Moyo ukichoka, mtu akilala chali pumzi inamkata. Basi anaongeza mto. Kisha mwingine. Mshona viatu mmoja alimfukuza mara mbili. Aliporudi tena, mzee akamwonyesha kiti: "Nalala hapa. Mke wangu anadhani nakesha na redio." Kumbe na sisi wa redio tunasingiziwa!

Sasa tuje nyumbani kwake. Mumewe ni fundi wa makochi. Asubuhi moja, akitandika kitanda, Fundi aliona upande wa mkewe mto wa pili.

"Nasoma kitandani," mkewe akasema.

Baadaye ukaja wa tatu. Kitabu hakuna.

Jamani, Fundi alijua. Miaka yote mkewe alikuwa akimweleza mezani maana ya mito. Akawa anamsikiliza akipanda ngazi, anasimama katikati, anajifanya anatafuta funguo mkobani. Fundi roho juu, mpaka hatua zianze tena. Kuuliza akaogopa. Akiuliza, itakuwa kweli.

Akafanya alichozoea kufanya. Akashona mto mmoja mnono, umejaa pomoni, akaiondoa ile mitatu.

"Nilidhani nikiona mto mmoja, nina mke mzima," aliniambia, macho yamemjaa machozi.

Wiki zikapita hivyo, kila mmoja anamficha mwenzake. Mchana mmoja Mama Mito alikaa kitandani, akauminya ule mto.

"Fundi, hii ni mito mingapi?"

"Mmoja."

"Fundi!"

"Mitatu."

Mama Mito akacheka mpaka akakohoa. "Umeniharibia utafiti, wewe!" Kisha akamshika mkono. "Mimi ndiye niliyeanza kudanganya. Naogopa, mume wangu. Nipeleke."

Walikwenda hospitali siku ileile. Daktari aliwagombeza wote wawili, maana walikuwa wamechelewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Matibabu yalimpa muda, ila si ule ambao angeupata angewahi. Kwa muda huo alimaliza utafiti wake. Mgonjwa wa mwisho humo ni yeye mwenyewe. Amejieleza hivi: "Alijua kila kitu, na aliogopa kama wengine wote."

Pole sana, Fundi. Usijilaumu kupita kiasi, baba. Mliogopa wote wawili. Pole, binti yao, na poleni wanafunzi wake, na wagonjwa ambao aliingia vyumbani mwao.

Nawe msikilizaji, una mama, una kaka, una mwenzi. Ukimuuliza hali atakwambia nzuri. Ingia chumbani ukaone.

Jana, watu walipokwisha kutawanyika, nilimuuliza binti yao: baba anaendeleaje?

"Yeye anasema hajambo," akanijibu. "Lakini nimekwenda kuangalia mwenyewe. Analala na mto mmoja. Ule mnono ameuweka upande wa mama."